Waliojifunza Kimbunga kwa Kukitazama

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni na kwisha Novemba, na katika miezi hiyo, hasa Agosti na Septemba, wako watu wengi huko Marekani na kwingineko wasiolala mapema kwa sababu ya picha. Wanaisubiri picha mpya ya setilaiti. Kimbunga kikubwa kikitazamwa kutoka juu kina umbo ambalo ukiliona mara moja hutalisahau: jicho jeusi la mviringo katikati, ukuta wa mawingu meupe umelizingira, na kanda ndefu za mawingu zikijizungusha kuelekea ndani mithili ya donge la chapati lililoviringwa kabla ya kusukumwa. Watu hawa hulinganisha jicho la leo na la jana, hubishana kama ukuta umekamilika au una pengo, na hutunza picha za vimbunga vya miaka ya nyuma kama wengine wanavyotunza stempu. Asiyewaelewa huwaona hawana huruma, au hawana kazi. Mimi nadai kinyume chake. Mapenzi hayo ni makongwe kuliko setilaiti zenyewe, na sehemu kubwa ya elimu tuliyo nayo juu ya vimbunga, pamoja na ile inayookoa roho za watu, imetokana na watu wa aina hiyo, waliolikodolea macho umbo la kimbunga hadi likawafundisha jambo.

Habari hii inaanzia msituni. Tarehe 3 Septemba 1821 kimbunga kilipita New York na Connecticut, kikang'oa miti kwa maelfu. Siku chache baadaye William Redfield, fundi wa matandiko ya farasi kutoka mji wa Middletown, alikuwa safarini kuelekea Massachusetts. Karibu na kwao aliona miti imelala vichwa vikielekea kaskazini-magharibi. Alipokwenda mbele zaidi akakuta miti iliyoangushwa na dhoruba ileile imelala ikielekea kusini-mashariki. Mtu mwingine angeona kuni tu. Yeye aliona duara. Ikiwa upepo mmoja umesukuma huku na kule kwa pande zinazopingana, basi ulikuwa ukizunguka kitu, na kitu chenyewe kilikuwa kikisafiri. Redfield hakuwa amesomea chuo kikuu chochote. Alilibeba swali lake kwa miaka kumi huku akifanya biashara ya meli za mvuke, akakusanya habari kutoka kwa mabaharia, na mwaka 1831 akachapisha hoja yake. Mwanasayansi wa hali ya hewa James Espy alimpinga kwa miaka mingi, akisema upepo hauzunguki bali hukimbilia moja kwa moja katikati. Leo tunajua kila mmoja alishika upande wa ukweli, kwa kuwa upepo huzunguka huku ukiteleza kuingia ndani. Lakini kati ya hao wawili aliyeliona umbo ni Redfield, na mwaka 1848 fundi huyo wa matandiko akawa rais wa kwanza wa Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi.

Mwaka huohuo wa 1848, huko Calcutta, aliyekuwa nahodha, Henry Piddington, alitoa kitabu cha mabaharia ambacho ndani yake aliweka kadi zinazopitisha mwanga, zimechorwa duara za upepo, moja kwa ajili ya kaskazini ya ikweta na nyingine kwa kusini, kwa maana vimbunga vya huku na vya kule huzunguka kinyume. Nahodha alitakiwa kuilaza kadi juu ya ramani yake, aisogeze mpaka mshale wa upepo uliochorwa ulingane na upepo unaompiga usoni, kisha asome kitovu cha dhoruba kiko upande gani ili akikimbie. Ni Piddington aliyevipa vimbunga jina la saikloni, kwa neno la Kigiriki linalohusu kujizungusha kwa nyoka. Tuseme wazi thamani ya kadi ile: ilimpa mtu aliye ndani ya dhoruba macho ya mtu aliye juu yake. Aliye chini huona mvua na giza tu, wala hajui amesimama wapi katika duara. Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa hivyo. Mikarafuu iling'oka mashamba kwa mashamba, merikebu za Sultani Barghash zikavunjika bandarini, na Pemba iliyo jirani ikasalimika kwa kiasi kikubwa hata ikachukua nafasi ya kwanza katika karafuu tangu siku zile. Bahari ndogo kati ya visiwa viwili ndiyo iliyotenganisha hasara na salama, na hakuna aliyekuwa ufukweni ambaye angeweza kujua mapema yuko upande upi.

Padri Benito Viñes, Mjesuti aliyefika Havana mwaka 1870 kuongoza kituo cha hali ya hewa cha Chuo cha Belén, alitafuta umbo hilo kwa kutazama juu. Aligundua kwamba mawingu membamba ya juu sana, yale yanayofanana na manyoya, hutawanyika kutoka kwenye kitovu cha kimbunga kilicho mbali, kiasi kwamba mtu akifuata mistari yake kwa macho inamrudisha kilipo kitovu. Kwa mawingu hayo, baromita, na barua kutoka visiwa jirani, tarehe 11 Septemba 1875 alitoa tahadhari kabla kimbunga hakijafika Kuba. Alifariki mwaka 1893, wenzake wakaendelea. Mwaka 1900 wataalamu wa Havana waliona kwamba kimbunga kilichowapita kingeelekea Texas. Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa imezuia simu za maandishi za Wakuba kuhusu hali ya hewa, iliamini kingekata kona kuelekea Florida na pwani ya mashariki. Tarehe 8 Septemba bahari ilipanda juu ya mji wa Galveston. Waliokufa walizidi 6,000, na yapo makadirio yanayofika 12,000. Hakuna msiba wa asili ulioua watu wengi kuliko huo katika historia ya Marekani, na ulitokea wakati wapo watu, upande wa pili wa maji, waliokwisha kulisoma umbo la dhoruba ile kwa usahihi.

Ukiyajua hayo, hutashangaa kwamba picha ya kimbunga kutoka angani ilichorwa kwa mkono kabla ya kupigwa na kamera. Mwaka 1954 Harry Wexler, mwanasayansi mkuu wa ofisi ileile ya hali ya hewa, aliwaonyesha wenzake mchoro wa Dunia kama ambavyo ingeonekana kutoka maili 4,000 juu ya Texas, mawingu yake yamepangwa kwa hesabu, na kimbunga kimoja kidogo kimewekwa eneo la Karibi. Wengi walidhani setilaiti haitawaambia watabiri jambo wasilolijua. Oktoba ya mwaka huohuo roketi iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico, ilirudi na filamu iliyoonyesha mzunguko wa mawingu karibu na Del Rio, Texas, dhoruba ambayo watabiri waliokuwa chini hawakuwa wameitambua. Kisha tarehe 1 Aprili 1960 ikarushwa TIROS-1, chombo cha kilo 122 hivi chenye kamera mbili za televisheni. Kilifanya kazi siku 78 tu. Siku kumi hazikupita kabla hakijaleta picha ya kimbunga katika Pasifiki, mashariki ya Australia. Mwaka uliofuata, Septemba 1961, TIROS-3 ilikiona kimbunga Esther katikati ya Atlantiki kabla meli wala ndege haijakifikia, na hicho kikawa kimbunga cha kwanza kugunduliwa na setilaiti.

Mwezi huohuo Texas ilishuhudia nguvu ya picha mikononi mwa watu wa kawaida. Kimbunga Carla kilikuwa kikija. Mwandishi wa televisheni ya Houston, Dan Rather, alikwenda na kamera kwenye ofisi ya hali ya hewa ya Galveston palipokuwa na rada mpya. Hiyo ni rada, si setilaiti, lakini umbo ni lilelile. Wataalamu walichora pwani ya Texas kwenye plastiki angavu, kwa kipimo kilekile cha rada, wakailaza juu ya kioo. Kwa mara ya kwanza watazamaji majumbani waliona duara la kimbunga limewekwa juu ya ramani ya nyumbani kwao, wakaona jicho peke yake lina upana gani. Kadi ya Piddington ilikuwa imerudi, safari hii imelazwa juu ya mji mzima. Mamia ya maelfu ya watu walihama pwani, na waliokufa Marekani nzima hawakufika 50. Sisemi picha ndiyo iliyowaokoa peke yake. Galveston ilikuwa na ukuta wa bahari uliojengwa baada ya 1900, na barabara zilikuwepo. Ila barabara haimhamishi mtu asiyesadiki, na watu wale walisadiki walichokiona.

Tangu Desemba 1963, TIROS-8 iliporushwa, setilaiti zilianza kutuma picha moja kwa moja kwa yeyote aliye na mtambo wa kuzipokea, na hapo ndipo wapenzi wa hali ya hewa walipoacha kuwa watazamaji tu. Mafundi wa redio walijitengenezea antena uani, kwa nyaya na mabomba. Setilaiti ya NOAA, idara ya Marekani ya bahari na angahewa, ikichomoza juu ya upeo, kipokezi kilichowekwa kwenye masafa ya megahezi 137 kilitoa mlio mwembamba wenye mdundo, kama saa inayogonga, na kila mdundo ulikuwa mstari wa picha: mistari miwili kwa sekunde, hadi dakika kama kumi na mbili zipite na setilaiti izame upande wa pili. Pwani ilijitokeza polepole, kisha bahari, kisha ukingo wa mawingu uliopinda. Aliyesubiri jicho la kimbunga litokee hivyo, mstari juu ya mstari, alijifunza kulitafuta kabla halijafika. Njia hiyo ilidumu zaidi ya miaka sitini. Setilaiti za mwisho za NOAA zilizoitumia zilizimwa mwaka 2025.

Kwa maoni yangu ushahidi mzito kuliko wote ni kazi ya Vernon Dvorak. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 picha zilikuwa nyingi, ila hazikuwa na namba. Picha haisemi upepo unavuma kwa kasi gani, na mtabiri anataka kasi. Dvorak, aliyekuwa mtumishi wa idara ya setilaiti ya serikali ya Marekani, alikaa na picha za vimbunga siku baada ya siku, akapanga maumbo yake kama mganga anavyopanga dalili. Akaona kwamba kimbunga hukua kwa hatua zinazofanana: kwanza ukanda uliopinda, kisha ukanda unaojizungusha zaidi, kisha kitovu kilichofunikwa, mwisho jicho. Akatengeneza utaratibu. Mtabiri huchukua mchoro wa msokoto kwenye karatasi angavu, huulaza juu ya picha na kuuzungusha mpaka ufuate ukanda wa mawingu, kisha huhesabu ukanda umezunguka sehemu ngapi kati ya kumi za duara. Kimbunga chenye jicho hupimwa kwa tofauti ya joto: jinsi vilele vya mawingu ya ukutani vilivyo baridi, pengine zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi chini ya sifuri, na jinsi jicho lenyewe lilivyo na joto, ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa. Matokeo yake ni namba kuanzia 1 hadi 8. Namba 4 ni noti 65 za upepo, ambapo dhoruba inahesabiwa kuwa kimbunga kamili. 8 ni noti 170. Yote hayo ni kazi ya jicho la mtu aliyezoea. Marekani iliposimamisha mwaka 1987 safari za ndege za kupima vimbunga magharibi ya Pasifiki, mamilioni ya watu wa Ufilipino, Japani na China walibaki wakitegemea zaidi namba zitokanazo na kutazama picha. Anayesema kutazama picha za vimbunga ni mchezo, na aieleze kwanza kazi hiyo.

Lipo pingamizi lililo zito zaidi, nalo ni la utu: ni haki kweli kukiita kizuri kitu kinachoua? Chini ya duara lile jeupe yuko mama anayempandisha mtoto juu ya paa. Sitaki kulipuuza. Ni kweli mtu anaweza kuzama katika umbo hata akasahau kilicho chini yake, na anayeshangilia namba ipande wakati kisiwa cha watu kiko njiani amekosea. Lakini mvuvi anayejua uzuri wa bahari hasemwi kuwa anapenda watu wazame, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuingia na ngalawa kuwatafuta. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa watu wa redio. Mwaka 1965, kimbunga Betsy kilipokuwa baharini, mafundi wa redio wa kujitolea waliunda mtandao wa kufuatilia vimbunga ambao upo hadi leo. Kimbunga kikikaribia nchi kavu, hukaa kwenye masafa yao, wakapokea vipimo vya upepo na baromita kutoka visiwani na kuvipeleka kwa watabiri wa Miami. Hawalipwi. Ni shauku ileile inayowafanya wakeshe.

Pingamizi jingine ni la kitaalamu, na hapa nakubali mengi. Picha nzuri hudanganya. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilipokuwa kikielekea Acapulco, Meksiko, picha hazikuonyesha ukali wake kwa wakati. Ndege iliyoingia ndani ndiyo iliyokikuta kina nguvu nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na kilipiga mji kikiwa cha kategoria ya 5, ya juu kabisa. Patricia ya 2015, yenye upepo wa noti 185, ilikuwa na picha ya kutisha kupita zote, lakini ilipiga sehemu yenye watu wachache huko Meksiko na vifo vilikuwa vichache. Freddy wa 2023 aliua watu zaidi ya 1,000 Malawi akiwa ni kundi la mawingu yaliyochanika lisilo na jicho. Mvua tu, siku baada ya siku, juu ya milima na mabonde ya kusini. Kwa Marekani yenyewe, uchunguzi wa vifo vya nusu karne, 1963 hadi 2012, ulionyesha kwamba takriban tisa kati ya kumi vilitokana na maji, si upepo. Picha tunazozipenda ni picha za upepo. Maji yanayopandishwa na bahari hayaonekani humo. Novemba 2013 kimbunga Haiyan kilikuwa na jicho kamilifu na namba ya mwisho kabisa kwenye kipimo cha Dvorak. Dunia nzima ilikiona kikija. Huko Tacloban, Ufilipino, watu walitahadharishwa juu ya bahari kupanda kwa neno la Kiingereza ambalo wengi hawakulielewa. Waliokufa nchini humo walikuwa zaidi ya 6,000, idadi inayokaribiana na makadirio ya chini ya Galveston kabla ya setilaiti. Na Novemba 1970 setilaiti zilikipiga picha kimbunga kilichokuwa kikipanda Ghuba ya Bengal, kikaua kati ya watu 300,000 na 500,000 katika Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Picha zilikuwepo, ujumbe ulioeleweka haukuwafikia.

Je, hayo yanaivunja hoja yangu? Hayaivunji, yanaonyesha inapoishia. Ghuba ile ya Bengal ilibadilika wakati Bangladesh, kuanzia mwaka 1972, ilipoandikisha watu wa kujitolea vijijini, wenye bendera, vipaza sauti na baiskeli, wakichukua kilichosomwa kwenye picha na kukisema kwa lugha ya mlangoni. Vifo havikwisha, kwani 1991 walikufa watu wapatao 138,000, lakini Sidr ya 2007, iliyokuwa kali pia, iliua wapatao 3,400. Aliyebeba kipaza sauti asingekuwa na la kusema bila aliyeitazama picha, na aliyeitazama picha kazi yake ingefia ofisini bila wa kipaza sauti. Sioni sababu ya kumtukuza mmoja kwa kumdharau mwenzake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tusidhani mjadala huu ni wa Wamarekani. Kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi hakuna ndege zinazotumwa kila msimu kuingia ndani ya vimbunga. Vipimo rasmi hutolewa na kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwani Réunion, na nguzo yake kuu ni utaratibu wa Dvorak, kwa misokoto inayozunguka kinyume na ya Atlantiki, ikifuata njia ya akrabu za saa. Hivyo ndivyo Kenneth alivyopimwa Aprili 2019 alipopita kaskazini ya Ngazija na kutua Cabo Delgado, huku watu wa Mtwara wakitahadharishwa. Na Mei 2024, Hidaya alipoikaribia Mafia, watu wa Lindi, Pwani na Dar es Salaam waliosikia redioni kasi ya upepo wake walisikia namba ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye picha, imesomwa na watu waliokaa mbele ya kioo wakilinganisha mawingu yake na maumbo aliyoyapanga Dvorak nusu karne iliyopita.